Ng'ombe wa Namahoro na Kikundi cha Wakubwa

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na minane. Msicheke. Miaka tisa nimeshika ruhusa za site ya redio yetu hapa Baraka, kando ya ziwa, na anayejua kazi hiyo anajua kwamba kila mwaka wake unahesabiwa mara mbili. Ninyi mnaobaki mtasema hamkuniomba niandike. Kweli, hamkuniomba. Aliyeniomba ni Namahoro, ambaye mtamkuta humu ndani, na alisema niandike upesi kwa sababu nasahau haraka. Habari za nani alipandishwa cheo sitazigusa. Kwetu cheo ni kiti chenye mgongo, na kiko kimoja tu.

Siku ya kwanza sikuja kutafuta kazi. Nilileta tangazo la kifo cha shangazi yangu. Nilimkuta Papa Alimasi, fundi wa redio na wa site, amekaza uso mbele ya mashini ya kompyuta kama mtu anayechungulia ndani ya kisima. Miwani yake ilikuwa imekaliwa asubuhi ile. Hakumtaja aliyeikalia, ila macho yake yalikuwa yanaelekea kwa prezidenti wa komite ya redio.

"Mutoto, unajua kusoma?"

"Najua, Papa. Nilifika mwaka wa nne humanités, sekondari."

"Wa nne inatosha. Nisomee hapa."

Nikamsomea: Una hakika unataka kufuta kikundi hiki na watu wote walio ndani yake? Papa Alimasi alitoa kidole chake taratibu, kama mtu anayekitoa kwenye sufuria la moto. Halafu akaniambia, "Kesho urudie." Nikarudi kesho, nikarudi kesho kutwa, na baada ya wiki mbili hakuna aliyekumbuka kwamba sikuajiriwa. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Kwa wale ambao bado hawajafungua site yenyewe: tunaweka boti zinazoondoka, vifo, harusi, majibu ya mitihani, nyavu zilizochukuliwa na maji, na wanyama waliopotea. Watu wa ziwani wanaisoma sokoni. Watu wa milimani wanapanda hadi pale mtandao unaposhika, wanasimama na simu juu kama wanaoomba mvua, wanasoma, wanateremka.

Papa Alimasi alinifundisha jambo moja kwa mwaka mzima, kwa maneno yaleyale, mpaka likaingia.

"Muntu hapewi ruhusa," alisema. "Kikundi njo kinapewa. Muntu anaingia tu ndani, anakuta ruhusa inamungojea. Akitoka, anaiacha kwenye mulango."

"Na kama ni muntu mmoja tu anaihitaji, Papa?"

"Unatengeneza kikundi ya muntu mmoja. Kesho watakuwa wawili."

Alikuwa amejifunza kwa maumivu. Zamani, kabla yangu, kila mtu alipewa ruhusa yake mkononi. Mwandishi mmoja akahamia Uvira, watu wakampigia makofi ya kwaheri, wakala mikate, wakamsahau. Ruhusa yake haikuhama. Mwaka uliofuata akiwa kulekule Uvira alifuta tangazo la harusi ya mchumba wake wa zamani. Akajuta, akaliweka tena, na watu wa redio wakalifuta kwa makosa wakidhani ni uchokozi wake. Harusi ilifanyika, lakini nusu ya wageni walikuja siku ya pili yake.

Zana zetu zilikuwa chache. Mashini yenye herufi A iliyofutika. Betri ya jua. Kaye, yaani daftari, kubwa ya mistari, ambamo Papa Alimasi alichora majina ya vikundi upande mmoja na kazi upande mwingine: kusoma, kuandika, kusahihisha, kutoa hadharani, kufuta. Kalamu ya buluu ni ruhusa iliyotolewa, nyekundu ni iliyonyimwa. Na tulikuwa na Papa Jaribu. Papa Jaribu si mtu. Ni jina tulilolisajili kwenye site ili, kila tukibadilisha ruhusa ya kikundi, tumwingize humo, tufungue site kwa jina lake, tuone yeye anaona nini. Alikuwa mfanyakazi bora kuliko wote, na komite ilimwandika kwenye orodha ya mikutano, ikamwekea alama ya kutokuwepo mara tatu bila sababu. Prezidenti alitaka kumwandikia barua ya karipio. Papa Alimasi akasema ataipeleka mwenyewe.

Sasa nifike kwenye Wakubwa.

Prezidenti wetu ni Papa Asukulu, mtu mwema, mwenye kofia ya mwaka mzima. Siku alipogundua kwamba yeye na wanakomite wamo katika kikundi cha Wasomaji, alikuja biro, ofisini kwetu, akakaa kwenye kiti chenye mgongo.

"Wilondja," akaniambia, "mi na ule muuza samaki za sambaza wa soko, tuko mu kikundi kimoja?"

"Ni kikundi cha kusoma tu, Papa Prezidenti. Unasoma."

"Ata yeye anasoma?"

"Anasoma."

"Na weye uko mu kikundi gani?"

"Wasimamizi."

Akaangalia viatu vyangu kwa muda. Nilikuwa na miaka ishirini na moja.

Tukatengeneza kikundi kipya kinaitwa Wakubwa. Kilikuwa na ruhusa ya kusoma, basi, sawasawa na muuza sambaza, lakini mtu wa Wakubwa akifungua site inaandika: Karibu, Mukubwa. Wakafurahi. Kesho yake wachungaji wawili na mwenye boti mmoja waliomba kuingia. Kazi hii, nisikilizeni, nusu yake ni ruhusa na nusu yake ni viti.

Ila kulikuwa na swali la wapi tukiweke. Katika site yetu vikundi vimepangwa kwa ngazi. Wa juu yuko juu, wengine wanashuka chini yake, na kile unachompa wa juu kinatiririka hadi kwa wote walio chini. Kwa hiyo wa juu kabisa ndiye mwenye kidogo kuliko wote, maana ana kile tu ambacho kila mtu anaweza kuwa nacho. Wa chini kabisa ndiye tajiri, amerithi vya wote. Jaribuni kumweleza mtu hilo hapa kwetu. Papa Asukulu aliangalia ile ngazi kwenye mashini, akaweka kidole juu kabisa.

"Siye tutakaa hapa."

Papa Alimasi akanikonyeza. Wakiwa na ruhusa ya kusoma tu, hakuna cha kutiririka, hata wakae juu ya mnara wa redio. Tukawaweka juu: juu ya Wasomaji, juu ya Waandishi, juu ya kila mtu. Tulijiona wenye akili sana.

Baadaye Papa Alimasi alipanda Fizi kwa binti yake kupumzisha macho, akaniachia kaye, kalamu mbili na Papa Jaribu. Miaka ikaenda vizuri. Tukaongeza ukurasa wa wanyama walioonekana, na huo ndio ulikuwa fahari yangu. Mtu akikuta ng'ombe au mbuzi shambani mwake, anatuletea habari. Kwenye ukurasa wa wote tunaandika tu: ng'ombe ameonekana, mahali fulani. Rangi, pembe, alama ya sikio, hayo tunayaficha kwenye ukurasa wa pili, unaoonwa na kikundi cha Mashahidi, watu wanne. Anayedai mnyama anataja alama mbele yao. Akikosea, anarudi nyumbani bila mnyama. Kwa njia hiyo ng'ombe wengi walipanda tena milimani bila mtu kuinua fimbo, na nyinyi mnajua huku kwetu ng'ombe akigombaniwa kati ya mtu wa mlima na mtu wa ziwa, si ng'ombe peke yake anayegombaniwa.

Jumanne moja Papa Mmunga, mkulima wa hapa kando, alimkuta ng'ombe jike katikati ya mihogo yake. Hakumpiga. Alimfunga, akaja biro na majani ya mihogo yaliyotafunwa kama ushahidi, akatoa alama zote: mwekundu wa kahawa, pembe ya kulia imepinda mbele, sikio la kushoto limekatwa ncha. Nikaandika, nikaficha.

Jumatano akaja Papa Asukulu.

"Wilondja, kuna ngombe ameonekana, mi prezidenti siwezi ona pembe yake?"

"Ni ya Mashahidi, Papa."

"Mi njo nilichagua hao Mashahidi. Siye tunataka kuona."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Binamu yangu alikuwa anaoa saa tano, na mimi ndiye niliyeshika pete. Ningeweza kumwingiza yeye peke yake katika Mashahidi. Lakini alisema "siye", akimaanisha komite nzima, na mimi nikachukua njia fupi: nikafungua kikundi cha Wakubwa, nikaweka alama kwenye kisanduku cha kuona ukurasa ule. Sikufungua kaye. Sikumwita Papa Jaribu. Nilikimbilia harusini, na harusi zetu zinajulikana, sikurudi biro mpaka Ijumaa.

Kile nilichowapa Wakubwa kilitiririka chini yao wote. Mtu yeyote wa eneo lote la Fizi mwenye simu na jina lililosajiliwa aliweza kusoma pembe ya ng'ombe yule.

Ijumaa nilikuta pikipiki zimejaa mbele ya nyumba ya Papa Mmunga. Wanaume kumi na mmoja, kila mmoja amempoteza ng'ombe mwekundu wa kahawa, mwenye pembe ya kulia iliyopinda mbele, na sikio la kushoto lililokatwa ncha. Sijawahi kuona msiba ulioratibiwa vile. Mmoja alikuwa anasoma kwenye simu. Mwingine alisema, "sikio la kushoto," akashika la kulia la kwake mwenyewe.

Na pembeni alisimama Namahoro.

Namahoro ndiye mwandishi wetu wa Bibokoboko, huko milimani, mwalimu wa darasa la pili, mtu wa maneno machache. Alikuwa ameshuka kwa miguu, vumbi limefika magotini. Yule ng'ombe alikuwa wa kwao, na alikuwa wa mwisho. Wengine walikwenda kwa njia ambazo watu wa huko juu hawapendi kuulizwa, na mimi sikuuliza. Mama yake ni mzee, tumbo lake linakataa ugali, linakataa mihogo, anaishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Siku nne alikuwa anakunywa maji ya mchele.

"Yaya Namahoro," nikamwambia, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, "taja alama."

Akazitaja. Wanaume kumi na mmoja wakaitikia kwa vichwa pamoja.

"Njo vile. Ata yangu."

"Chuchu ya nyuma, ya kushoto," akasema, "haitoe maziwa. Ilikufa wakati alizaa mara ya kwanza."

Papa Mmunga akashangaa, maana hakuwahi kumkamua. Lakini kabla hajafungua mdomo, yule wa pikipiki ya kwanza akasema, "Nilikuwa niko njiani kusema ile."

"Ata mi," akasema wa pili.

Shefu wa kijiji alikuwepo, amekalia jiwe. Alichoka mapema. Akasema maneno ambayo bado nayasikia: "Batu kumi na mbili, ngombe moja. Mpaka siku ya Mungu, jumapili hii, kama hakuna anayejulikana, tutamuchinja, kila mutu atakula kipande, na fujo itaisha. Sitaki mutu wa mulima na mutu wa ziwa bapigane mu kijiji yangu ju ya pembe."

Wengine waliona ni hukumu nzuri. Nyama ni nyama. Namahoro hakulia. Alikaa chini karibu na kamba, ng'ombe akamnusa bega, na yule wa pikipiki ya kwanza akasema ng'ombe wake pia ananusa watu.

Nilikuwa bado sijaelewa imekuwaje. Nilirudi biro mbio, nikamwingiza Papa Jaribu katika Wasomaji, nikafungua. Pembe ileile mbele yangu, sikio lilelile. Nikafungua kaye, nikaona ngazi iliyochorwa na Papa Alimasi, Wakubwa juu, na wengine wote chini yao, hadi Wasimamizi.

Nikaondoa alama kwenye kisanduku. Ilikuwa kama kufunga mlango wa zizi lililokwisha kuwa tupu.

Namahoro alinifuata biro. Alisimama mlangoni.

"Wilo, lile tangazo yangu, mulilitupa?"

"Tangazo gani, Yaya?"

"Niliandika lundi, ile jumatatu. Nilipanda mpaka kwenye mtandao, nikatuma. Nikangojea. Nikaona halitoki, nikasema labda ya batu ba mulima haitoki."

Waandishi wanaandika, hawatoi hadharani. Lazima Mhariri asome kwanza. Mhariri ni mimi. Nikafungua foleni ya rasimu, ambayo sikuifungua tangu wiki iliyopita, na pale, chini ya mabango mawili ya mpira, lilikuwepo: Ng'ombe wetu amepotea. Mwekundu wa kahawa, pembe, sikio, chuchu ya nyuma ya kushoto iliyokufa. Jumatatu, saa tisa mchana. Halijaguswa na mtu tena tangu saa hiyo. Linasubiri idhini.

Jumatatu. Papa Mmunga alimwona ng'ombe Jumanne, mimi nilivujisha Jumatano.

"Yaya," nikasema, "mulima haina kosa. Ni mimi."

"Najua sasa," akasema.

Papa Asukulu alipopata habari alinikuta nafunga mashini kwenye mfuko ili niipeleke kwa shefu. Alitaka tuseme mtandao ulikuwa na kasoro. Alisema redio ni sura ya watu, sura haipakwi matope. Nikamwambia kwamba kama hatusemi ukurasa ulivuja Jumatano, basi Jumatatu ya Namahoro haina maana yoyote, na siku ya Mungu tutakula maziwa ya mama yake kwa sahani.

Akavua kofia. Mara ya kwanza niliona kichwa chake.

"Mi niliomba kuona," akasema polepole. "Sikuomba kuonesha."

"Njo vile, Papa. Mi njo nilionesha."

"Twende."

Jumamosi asubuhi, mbele ya shefu na pikipiki zote, nilisema kosa langu. Nilieleza ngazi, viti, kisanduku, harusi. Watu walicheka mahali ambapo sikukusudia. Papa Asukulu alisimama kando yangu na kusema, "Siye Wakubwa tulikaa juu, maji yakapita kwetu," na hakueleza zaidi. Halafu nikamwonyesha shefu rasimu. Hakujua mambo ya mashini, lakini alijua Jumatatu iko kabla ya Jumatano. Akamwita Papa Mmunga akamue, yeye ambaye hakuwa anadai ng'ombe. Chuchu tatu zilitoa. Ya nyuma ya kushoto alivuta, akavuta tena, akaangalia juu.

"Hii imekufa zamani," akasema.

Shefu akawageukia wale kumi na mmoja. "Nani aliandika mambo ya chuchu mbele ya jumatano?"

Pikipiki ni chombo kizuri, inawaka haraka. Mmoja tu alibaki, akaomba msamaha, akasaidia kufungua kamba. Papa Mmunga akampa Namahoro fungu la majani ya mihogo kwa ajili ya njiani. "Amekwisha kula mengine," akasema, "amalizie."

Wiki iliyofuata tulipanga ngazi upya. Nilimwita Papa Asukulu nikamweleza, safari hii kwa kuchora kwa kalamu, kwamba Wakubwa lazima washuke. Akashusha kidole hadi chini kabisa ya mchoro.

"Chini njo kuna kazi?"

"Chini njo kuna kazi, Papa."

"Basi mutushushe. Lakini ile ya Karibu, Mukubwa, muiache."

Tumeiacha.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi kwangu. Ruhusa zote zilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa harusini. Nikamwingiza Namahoro katika Wahariri, na mwaka uliofuata katika Wasimamizi. Wanakomite wawili waliuliza kama inafaa, mtu wa mlima kushika funguo za ziwa. Papa Asukulu akawauliza, wao wameandika rasimu ngapi. Namahoro anafungua foleni kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kufundisha darasa la pili. Anamwita Papa Jaribu hata akibadilisha koma. Nimemwona anamsalimia.

Ninyi mnaobaki, fanyeni kama yeye. Andikeni kwenye kaye kabla ya kugusa kisanduku. Mtu mkubwa akiwa na haraka, mpeni kiti, mpeni chai, halafu mfungue kaye. Mkiwa na harusi, mwachieni mwenzenu foleni. Sina hekima nyingine.

Mimi nakwenda Fizi kumaliza humanités, wa tano na wa sita, nikikaa na watoto ambao watadhani mimi ni mwalimu aliyepotea njia. Nataka siku moja kutengeneza site yangu mwenyewe kuanzia msumari wa kwanza, ambayo kila kijiji, cha juu na cha chini, kina ukurasa wake na hakuna anayengoja idhini ya mtu aliyeshika pete. Papa Alimasi anasema nitakula kwake, ila nisikalie miwani.

Siku ya mwisho nilitaka kujitoa mwenyewe katika Wasimamizi. Site ikakataa. Msimamizi hawezi kujitoa. Lazima atolewe na mwingine. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chenye mgongo. Nikainuka, Namahoro akakaa.

"Nikutoe?"

"Nitoe, Yaya."

Nilidhani atasitasita kidogo. Alibonyeza. Akaniweka katika Wasomaji, pamoja na muuza sambaza, akafunga kaye.

Nilikwenda nje na simu yangu, nikaingia kama mtu yeyote wa Baraka. Asubuhi ile kulikuwa na tangazo: ng'ombe ameonekana. Nikabonyeza ukurasa wa pili, kwa mazoea. Site ikaniandikia kwamba sina ruhusa ya kuona ukurasa huu.

Nikachungulia dirishani. "Yaya, ata mimi?"

Hakuinua macho kwenye mashini.

"Umepoteza ngombe?"

"Hapana."

"Basi."